Maswali ya Wasomaji: Usukani wa Bei Nafuu kwenye Pikipiki ya Spoti

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete, na nina pikipiki ya spoti ya cc 250 ambayo hunipeleka Chake Chake mara mbili au tatu kwa wiki. Mwezi uliopita niliteleza kwenye kona iliyojaa mchanga baada ya mvua, nikaangukia upande wa kushoto. Mimi mwenyewe sikuumia zaidi ya kuchunika kiwiko, alhamdulillahi, lakini kipande cha kushoto cha usukani kimepinda kiasi cha kugusa tangi ninapokata kona. Nimeulizia usukani wa asili, nikatajiwa bei iliyonifanya nitoke dukani bila ya kuaga. Kuna mtu ananiuzia jozi mpya ya alumini kwa shilingi 65,000, na juu ya boksi pameandikwa kuwa inafaa pikipiki zote za cc 250. Fundi wangu naye anasema kilichopinda kinaweza kupashwa moto kikanyooshwa, na kwamba hata hiyo jozi mpya ikiwa haikai vizuri yeye anajua la kufanya. Nifuate lipi?
Mwalimu, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, Mwalimu, na pole kwa mkasa. Nianze na hilo la moto, kwa kuwa ndilo linalonitia hofu zaidi. Chuma kikipashwa moto hubadilika rangi, na fundi aliyezoea kuchomelea mageti huisoma rangi hiyo akajua amefika wapi. Alumini haina adabu hiyo. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 hivi, na kabla ya kufika huko haiwi nyekundu machoni, ilhali nguvu yake imekwisha kuondoka zamani. Kipande kitanyooka, kitapakwa rangi na kitapendeza, kisha kitakatika siku utakayofunga breki kwa ghafla, kwa kuwa ndipo mwili wote unapouegemea usukani. Kichukue kipande chako cha zamani ukiguse kwa sumaku: ikinasa kwenye bomba, basi bomba ni la chuma, lakini kibano kinachoshika shokapu karibu daima huwa ni cha alumini, nacho ndicho kilichopokea mshindo. Usikirudishe kazini. Kiweke tu, kwani kitakufaa kwa kulinganishia vipimo.

Ama jozi ya shilingi 65,000, sina ugomvi nayo kwa sababu ya bei yake. Nimeona usukani wa bei nafuu uliodumu miaka, na kazi yenyewe haina siri kubwa: ni bomba la milimita 22 lililoshikwa na kibano chenye bolti mbili. Ninachogombana nacho ni hayo maneno ya juu ya boksi. Cc 250 ni ukubwa wa injini, na injini haishikani na usukani. Usukani wa vipande viwili hubana mabomba ya shokapu za mbele, kwa hiyo kipimo unachokihitaji ni unene wa mabomba hayo, yaani kipenyo chake cha nje, nao hutofautiana kutoka pikipiki hadi pikipiki. Hukuniandikia yako ni ya aina gani, nami ningependa wasomaji wasisahau jambo hilo wanapouliza. Kama ni Honda CBR250R, au Kawasaki Ninja 250R iliyotoka baina ya 2008 na 2012, mabomba ya shokapu ni ya milimita 37. Yamaha R3 za mwanzo, za 2015 hadi 2018, ambazo watu wengi huzihesabu katika kundi lilo hilo la pikipiki ndogo za spoti, zina mabomba ya milimita 41. Tofauti ya milimita nne ni ndogo kwenye rula, lakini kwenye kibano ni sawa na kuvaa kiatu cha mtu mwingine.

Pima mwenyewe kabla ya kutoa pesa. Mwenye kipimo cha venia, kile chenye taya mbili za kushika kitu kinachopimwa, atamaliza kwa dakika moja, na asiyekuwa nacho akate ukanda mwembamba wa karatasi, auzungushe kwenye bomba la shokapu pale pale kibano kinapokaa, aweke alama ukanda unapokutana, kisha aunyooshe na kuupima. Urefu huo ukiugawa kwa 3.14 unapata unene wa bomba. Ukanda wa milimita 116 ni bomba la 37. Wa milimita 129 ni bomba la 41. Kwa mwalimu naona hapo sina haja ya kuendelea.

Sasa, huyo fundi anayesema jozi ikiwa haikai vizuri anajua la kufanya, namjua hata kabla ya kuonana naye, kwa kuwa nilikuwa na wa kwangu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua jozi ya namna hiyo hapa mjini, tundu la kibano likawa pana kuliko shokapu kwa chini ya milimita moja. Fundi wangu alichukua kopo tupu la soda, akalikata kwa mkasi, akazungusha ukanda wa bati lake kwenye shokapu, akakaza bolti mpaka uso ukambadilika, akaniambia nenda salama. Nikaenda salama kwa siku tisa. Siku ya kumi, nikielekea Paje, nilipofunga breki kwa ajili ya matuta ya msitu wa Jozani, kipande cha kushoto kilizunguka mbele kama mlango uliofunguliwa, nikabaki nimeshika usukani kwa mkono mmoja huku kifua kikiwa juu ya tangi. Sikuanguka, lakini sijui kwa nini sikuanguka. Nilipokifungua kibano nilikuta bati la kopo limekunjamana na kusagika, na pande mbili za mwanya wa kibano zimegusana kabisa.

Mwanya huo ndio nataka uutazame. Kibano cha usukani huachiwa ufa upande mmoja ili bolti zipate nafasi ya kukivuta kikumbatie shokapu. Baada ya kukaza, ufa lazima ubakie wazi, walau kiasi cha kupitisha ukucha. Pande mbili zikigusana, nguvu yote ya bolti huishia kwenye pande hizo na wala haifiki kwenye shokapu, na hapo hata ukimwita mnyanyua vyuma aje akukazie hutapata kitu. Kinyume chake nacho kina hatari yake: tundu likiwa dogo, utamwona mtu anapachika bisibisi kwenye ufa ili alipanue. Alumini ya kumimina kwenye kalibu, ambayo ndiyo ya vibano vingi vya bei nafuu, haipendi kupanuliwa, na huweza kupata ufa mwembamba kama unywele unaofichwa na rangi nyeusi. Kibano kinachofaa huteremka kwa mkono, kwa kubanabana kidogo, bila ya nyundo na bila ya kopo la soda.

Kufunga kwenyewe kufanye upande mmoja baada ya mwingine, ili upande ambao haujaguswa ukuonyeshe waya zinapita wapi. Kama pikipiki yako vibano vyake viko juu ya lile bamba linaloshika shokapu mbili, kazi ni nyepesi, kwani hulegezi chochote kinachobeba pikipiki. Kama viko chini ya bamba, itabidi bamba lenyewe litolewe, na hapo pikipiki isimamishwe imara na gurudumu la mbele lisibebe uzito, na kabla ya kulegeza bolti yoyote upime ncha za shokapu zimetokeza juu ya bamba kwa milimita ngapi, kila upande, uandike. Shokapu zikirudi kwa kimo tofauti na hicho, pikipiki itabadilika tabia kwenye kona, na njia ya Wete na Chake Chake si mahali pa kujaribia tabia mpya. Mahali kibano kinaposhika shokapu pafutwe mafuta na vumbi kabisa. Grisi ipakwe kwenye nyuzi za bolti tu, kidogo, kwa sababu ya hewa yetu ya chumvi ambayo huiozesha alumini inapogusana na bolti ya chuma.

Kuna jambo dogo ambalo mafundi wengi hulifanyia haraka. Ndani ya kasha la swichi mna kipini kifupi kinachoingia kwenye tundu lililotobolewa kwenye bomba la usukani wa asili, na kazi yake ni kuzuia kasha lisizunguke. Bomba jipya mara nyingi halina tundu hilo. Njia ya mkato ni kukikata kipini kwa tupa, na matokeo yake ni kwamba kasha la upande wa akseleta huanza kuzunguka pamoja na mkono wako. Pima mahali pa tundu kutoka kwenye kile kipande cha zamani nilichokwambia ukiweke, kisha tobowa tundu moja la ukubwa wa kipini, si zaidi. Angalia pia akseleta yenyewe: ukiizungusha na kuiachia, lazima irudi kwa kishindo bila ya kusaidiwa. Ikirudi kwa uvivu, ama bomba lina makovu yanayoshika, ama kile kizito kinachofungwa kwenye ncha ya usukani kimebana ncha ya akseleta, na hapo unahitaji nafasi ya milimita moja au mbili.

Baada ya hapo washa injini, gia ikiwa huru, iache ingurume taratibu, kisha zungusha usukani wote kushoto, halafu wote kulia. Mngurumo ukipanda bila ya wewe kugusa akseleta, waya wa mafuta unavutwa na umepitishwa vibaya. Katika mizunguko hiyo hiyo angalia paipu ya breki isikazike wala kukunjika, na vidole vyako vipate kupita baina ya leva na tangi, maana kidole gumba kinachobanwa kwenye tangi katikati ya kona humfanya mtu aachie kila kitu. Mfumo wa breki hauhitaji kufunguliwa; kichupa cha mafuta ya breki kibakie wima tu, na kifunikwe kitambaa, kwa kuwa mafuta yale hubabua rangi.

Bolti zikazwe kwa zamu, robo mzunguko hii na robo mzunguko ile. Kama utaazima spana ya kupimia nguvu, bolti ya milimita 6 katika alumini kwa kawaida huishia kwenye Nm 10 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na ya milimita 8 baina ya Nm 20 na 25, isipokuwa kama kitabu cha pikipiki yako kinasema vingine. Nenda Chake Chake na kurudi, kiasi cha kilomita 60, kisha zikaze tena, kwa sababu kibano kipya hujikalisha.

SWALI: Nimefunga usukani usio wa asili kwenye pikipiki yangu ya silinda moja, na umekaa barabara kabisa. Lakini nikifika mjini kutoka Mkokotoni viganja vinakuwa na ganzi, na kwenye saitimira sioni ila ukungu. Usukani wa zamani haukuwa hivyo. Je, nimeuziwa kitu kibovu?
Msomaji, Mkokotoni, Unguja

JIBU: Si lazima kiwe kibovu, huenda ni kitupu tu. Injini ya silinda moja hutetemeka kwa maumbile yake, na watengenezaji hulijua hilo, ndiyo maana katika ncha za usukani wa asili hutiwa vizito vya chuma, vingine vikiwa ndani ya bomba na kushikwa kwa mipira, ambavyo mtu akivitazama huvidhania kuwa mapambo. Usukani wa bei nafuu mara nyingi huja na vifuniko vya plastiki mahali pao. Vitoe vizito kwenye usukani wako wa zamani uvihamishie kwenye mpya, hata ikibidi mchonga vyuma akutengenezee nyuzi za bolti za kuvishikia. Kipenyo cha ndani cha bomba jipya huenda kikawa kidogo zaidi, kwa hiyo kipime kwanza. Wapo wanaojaza mchanga ndani ya bomba. Mchanga wetu wa pwani una chumvi, na bomba litaliwa kutoka ndani, mahali ambapo hutaona.

SWALI: Je, ninaweza kuuteremsha usukani chini ya bamba la juu ili pikipiki yangu ipate sura ya mashindano? Marafiki zangu wawili wamefanya hivyo.
Kijana, Mkoani, Pemba

JIBU: Unaweza, ikiwa chini ya bamba kuna nafasi ya kibano kizima na makava hayatagusa leva unapokata kona, mambo ambayo kwenye pikipiki nyingi ndogo hayapatikani bila ya kukata kava. Lakini waulize hao marafiki zako viganja vyao vinasema nini wakifika Chake Chake. Kwenye uwanja wa mashindano upepo wa kasi hubeba sehemu ya kifua cha mwendeshaji. Kwa kilomita 50 kwa saa, nyuma ya gari la abiria linalosimama kila kituo, upepo huo haupo, na uzito wote hukaa kwenye viganja. Kama umeshaamua, angalau usifanye ule ujanja wa kupandisha shokapu kwenye bamba ili kupata mahali pa kibano. Ukifanya hivyo unaiinamisha pikipiki mbele, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na shokapu ikizama mpaka mwisho kwenye shimo, madigadi ya mbele huweza kufika kwenye kava au kwenye rejeta.