Maswali ya baiskeli: pancha inayorudi, cheni inayoruka, pedali iliyogoma

Wengi walioandika safari hii walishatengeneza, na tatizo likarudi. Kwa hiyo majibu mengi yanaanza na chanzo, spana zinafuata baadaye.

Fundi, nimeziba tyubu ya nyuma mara tatu. Kila mara, baada ya siku mbili tairi limelala tena, na kiraka hakijabanduka. Nifanyeje?

Kama kiraka kimeshika, basi una tundu jipya, na kinacholitoboa bado kimo ndani. Kabla ya kuchomoa tyubu, chora alama ya chaki kwenye tairi mahali valvu ilipo, na ukumbuke upande upi wa tyubu ulikuwa kulia. Ijaze upepo nje, izamishe ndani ya maji, kisha pima umbali kutoka valvu hadi kwenye tundu. Umbali huohuo kwenye tairi utakupeleka kwa mhalifu.

Mahali tundu lilipo panasema mengi. Likiwa upande wa nje, tafuta mwiba, waya au kipande cha kioo ndani ya tairi. Pitisha kitambaa badala ya kidole: kitanasa kwenye ncha ambayo jicho halioni, na mkono wako utabaki salama. Likiwa upande unaotazama rimu, chunguza utepe wa rimu. Huenda umesogea na kuacha kichwa cha spoku wazi. Matundu mawili yaliyokaa sambamba maana yake ulipanda na upepo mdogo ukagonga ukingo au shimo, tyubu ikabanwa kati ya tairi na rimu. Tundu lililo kwenye shina la valvu usihangaike nalo, nunua tyubu nyingine.

Kuhusu kiraka chenyewe: sugua kwa msasa mpaka mng'ao wa mpira uondoke, paka gundi nyembamba iliyo pana kuliko kiraka, halafu subiri. Gundi ya kopo inataka kama dakika tano ikauke mpaka isishike kidole. Viraka vingi hubanduka kwa sababu mtu alivibandika gundi ikiwa bado mbichi.

Je, nijaze upepo mpaka ile namba ya PSI (kipimo cha shinikizo la upepo) iliyoandikwa ubavuni mwa tairi?

Hapana. Namba kubwa iliyoandikwa pale ni kikomo cha tairi, wala si kipimo cha kila mtu. Tairi la upana wa inchi 2 humtosha mtu wa uzito wa wastani kwa PSI 30 hadi 40. Tairi jembamba la mm 25 au 28 hutaka kama 70 hadi 90. Nyuma ongeza kidogo, kwa sababu ndiko uzito mwingi ulipo. Pima kila wiki, maana tyubu nzima kabisa nayo hupoteza upepo.

Rimu zangu ni za inchi 26. Nimenunua tairi lililoandikwa 26 x 1 3/8, lakini linapwaya. Rimu imepinda?

Rimu haina kosa. Hizo inchi zilitokana na makadirio ya kipenyo cha nje cha tairi, na baadaye saizi tofauti zikaishia kuitwa jina moja. Acha inchi, soma namba mbili zenye kistari kati yake, mfano 50-559. Huo ni mfumo wa ISO 5775: namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu. Baiskeli nyingi za milimani za inchi 26 zina rimu ya 559. Tairi lililoandikwa 26 x 1 3/8 huwa la 590. Tofauti ni mm 31, na hakuna ujanja wa kuiziba. Lirudishe ukiwa hujalichafua.

Mtego huohuo upo kwenye inchi 28: kuna 622, na kuna 635 ya 28 x 1 1/2 inayotumika kwenye baiskeli ndefu za kizamani. Kwa upande mwingine, tairi la 29 na la 700C yote hukaa kwenye rimu ya 622, ingawa moja ni nene na jingine ni jembamba. Ukienda dukani, nenda na namba ya pili. Hiyo lazima ilingane kabisa.

Cheni ilichoka, nikaweka mpya. Sasa nikikanyaga kwa nguvu mlimani inaruka. Ile ya zamani haikuruka hata siku moja. Nimeuziwa cheni mbovu?

Cheni yako ni nzima. Kilichokwisha ni meno ya nyuma. Cheni huongezeka urefu kwa sababu pini zake na matundu yake hulika kwa mchanga uliochanganyika na oili chafu, kila kiungo kikipata nafasi kidogo. Meno nayo hulika kwa kuufuata urefu huo, hivyo cheni chakavu na meno chakavu huelewana. Cheni mpya ina kipimo chake sahihi, haikai tena kwenye mabonde hayo, na ukikanyaga kwa nguvu inapanda juu ya meno. Badili friwili, yaani fungu la meno ya nyuma, au kaseti kama unayo. Kagua na meno ya mbele: yakichongoka na kuinama upande mmoja, nayo yamekwisha.

Hasara hii inazuilika kwa rula tu. Kutoka pini moja hadi inayofuata ni nusu inchi, kwa hiyo nafasi 24 ni inchi 12 kamili, yaani mm 304.8. Vuta cheni ikaze, weka mwanzo wa rula katikati ya pini moja, kisha hesabu. Ikizidi kwa mm 1.5 hivi, badili cheni na meno yatapona. Ikizidi kwa mm 3, jiandae kununua vyote viwili.

Oili ya cheni inatakiwa ndani ya viungo. Dondoshea tone moja kila kiungo, zungusha pedali, acha inywe, halafu futa nje yote kwa kitambaa, maana oili ya nje kazi yake ni kukusanya vumbi tu. Oili chakavu ya injini naomba muiache kabisa. Ina chembe za chuma na uchafu, na ngozi ya mikono yenu haiihitaji.

Pedali ya kushoto haifunguki. Nimetumia spana namba 15 mpaka nimechoka.

Yaelekea umekuwa ukiikaza. Uzi wa pedali ya kushoto, yaani mikato ya skrubu yake, umegeuzwa, kwa sababu mzunguko wa kukanyaga ungefungua uzi wa kawaida polepole. Shika kanuni hii: spana ikiwa imesimama kuelekea juu, isukume kuelekea gurudumu la nyuma. Pande zote mbili hufunguka hivyo. Ikiwa imeshika kutu, dondoshea oili nyepesi nyuma ya krenki (mkono unaobeba pedali) na uiache usiku kucha.

Wakati wa kurudisha, paka grisi kwenye uzi na uanze kwa vidole. Herufi L ni kushoto, R ni kulia. Ikikataa mizunguko ya mwanzo, acha mara moja: ekseli ya chuma hula uzi wa krenki ya alumini, na krenki ndiyo itakayokugharimu.

Nilinyunyizia cheni oili ya kopo. Tangu hapo breki ya diski ya nyuma inalia na haishiki.

Oili imefika kwenye diski. Ifute kwa spiriti na kitambaa safi. Pedi zisuguliwe kidogo kwa msasa. Zikiendelea kulia zimekunywa oili, badilisha. Jaribu breki ukitembea kando ya baiskeli kabla ya kupanda.

Nina fedha ya kuboresha kitu kimoja kwenye baiskeli ninayoendea kazini. Niongeze gia?

Kama breki hazishiki vizuri, waya mpya, mfuko wake na raba mpya vinatangulia, wala hilo si la kujadili. Breki zikiwa sawa, ningeiweka fedha yote kwenye matairi mazuri, mapana kiasi fremu inavyoruhusu bila kugusa. Hakuna kitu kingine utakachokihisi kila mita ya safari. Kuongeza gia huvuta vingine: kibadilishia gia, kaseti na cheni lazima viendane, na fedha ya kitu kimoja inakuwa ya vitatu.

Kabla hujanunua chochote, pima urefu wa kiti. Kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: goti linyooke bila nyonga kuinama upande. Watu wengi huhangaika na viti laini wakati kiti walichonacho kimekaa chini mno. Ukikipandisha, usipite alama ya mwisho iliyochorwa kwenye nguzo yake, kwani nguzo iliyoingia kidogo inaweza kupasua fremu.