Kupeleka maji kwenye turbo ya Corolla ya zamani

Kaka, umeuliza mipira miwili ya maji ya turbo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa kwenye injini) uiunge wapi. Usiiunge yote kwenye mpira mmoja wa hita (ya kupasha joto ndani ya gari): hakuna tofauti ya presha, maji yatasimama humo.

Chukua maji kwenye bloku, pale penye nati ya kumwagia maji. Yarudishe kwa kiungo cha T kwenye mpira wa hita unaorudi kwenye pampu, upande inakovuta. Koki ya hita isiwe katikati ya njia hiyo, ukiifunga turbo inakosa maji.

Jambo kubwa ni baada ya kuzima gari. Pampu imesimama, lakini joto la upande wa ekzosi linahamia kwenye beringi na oili inaungua kuwa masizi. Maji ya moto hupanda yenyewe, kwa hiyo mpira wa kuingia uwe chini, wa kutoka uwe juu na uelekee juu moja kwa moja bila kukunjwa. Mpira ukipanda kisha ukashuka, hewa inakwama hapo na mzunguko unakatika.

Weka washa mpya za shaba pande zote mbili za pete ya mpira inayobanwa na kila boliti yenye tundu (ile inayopitisha maji ndani yake). Mipira ikae mbali na menifodi ya ekzosi, ina moto mkali.

Themostati (vali inayozuia maji kwenda rejeta mpaka injini ipate joto) usiitoe, hata fundi akikushauri. Arusha, kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yasiyo na presha huchemka karibu nyuzi 95, hivyo kifuniko cha rejeta kilicholegea, kisichoshika presha, kibadilishe kwanza. Jaza kulanti na maji nusu kwa nusu, utoe hewa hita ikiwa wazi.