Milioni 60, mawazo matatu: tugawe sawa?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi wa hapa Ujiji. Kikundi chetu cha utafiti kina shilingi milioni 60 za mwaka mmoja na mawazo matatu: kikaushio cha dagaa cha jua, kinu cha kukamua mawese na taa za sola za kuvulia. Wenzangu wanataka kila wazo lipate milioni 20. Ni sawa? Makadirio ya kikaushio nimeambatanisha.

JIBU: Marahaba. Msigawe sawa. Kwa makadirio yenu kikaushio kamili ni milioni 40, kwa hiyo milioni 20 itawaachia paa na nguzo tu.

Mmeandika kwamba kikifanya kazi kitaingiza milioni 150 kabla ya kutoa hiyo 40, na uwezekano wa kufaulu ni tatu kwa kumi. Zidisha 150 kwa 0.3, unapata 45. Toa 40, inabaki 5. Inalipa, basi? Shusha uwezekano uwe robo: 37.5 kutoa 40, ni hasara ya milioni 2.5. Nani kati yenu anaweza kuapa kwamba ni tatu kwa kumi na si robo? Ndiyo maana sipendi kuona pesa yote ikitoka kwa mkupuo.

Tangulizeni jaribio la milioni 4: trei chache, mizani, na dagaa wabichi wa mwalo wa Kibirizi katikati ya mvua. Tuseme jaribio halikosei kupitisha muundo mzuri, ila katika kila miundo saba mibovu linapitisha mmoja. Mtafika hatua ya kujenga mara nne kwa kumi (mizuri mitatu na mbovu mmoja), hivyo gharama tarajiwa ya ujenzi ni 40 mara 0.4, yaani milioni 16. Sasa 45 toa 16, toa 4: inabaki 25. Mkirudi kwenye robo, bado mnabaki na 19 na ushei. Milioni 4 hiyo ndiyo pesa yenye kazi kubwa kuliko zote.

Mawese na taa nazo zipeni jaribio la kiasi hicho hicho. Jumla ni 12, na 48 inasubiri benki wazo litakalofaulu.

Muda wa jaribio nao ukadirieni kwa namba tatu, njia iliyotoka kwenye PERT, mbinu ya kupanga miradi ya jeshi la majini la Marekani, 1958. Mambo yakienda vizuri wiki 5, kwa kawaida 6, yakiharibika 13: jumlisha 5, 6 mara nne, na 13, gawa kwa 6. Ni wiki 7. Hiyo 13 msiione kubwa. Siku za mbalamwezi dagaa hawavuliki kwa taa, na trei zitakaa tupu.

Uwezekano msiukadirie mezani peke yenu. Waulizeni kina mama wanaoanika dagaa, mmoja mmoja, kabla hawajasikia jibu la mwenzake. Wao wanajua wingu la siku mbili linafanya nini kwa dagaa mbichi.

Halafu, kabla shilingi ya kwanza haijatoka, andikeni na kusaini kipimo cha kusimamisha: kwa mfano, kilo moja ya dagaa ikishindwa kukauka ndani ya siku mbili za mawingu, ile 40 haitoki. Nitumie makadirio ya kinu na ya taa, nikupigie hesabu zake.