Barua kwa binti yangu aliyeuliza kama amepotea njia

Goma, Jumapili jioni

Mama yangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili peke yangu, na mara ya tatu nikamsomea Bibi yako. Umemaliza jiolojia huko Lubumbashi, na sasa chuo kikuu cha Louvain, Ubelgiji, wamekukubali kwenye taasisi yao ya falsafa, uchunguze jinsi sayansi inavyofikia kusema "hili tunalijua". Wajomba zako wanasema umeacha mawe unakwenda kuokota maneno. Unaniuliza: "Baba, nimepotea njia?"

Hujapotea. Ila jibu langu lina sharti moja, nitalifikia.

Nianze na hofu ya wajomba. Hapa kwetu, mtu akisikia falsafa anafikiria seminari kubwa. Jirani wa upande wa juu ameshaniuliza kama unaingia utawa. Nimemweleza kwamba taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1889 na Désiré Mercier, ambaye kweli alikuwa padri na baadaye kardinali, lakini alitaka wanafalsafa wake wasome fizikia, kemia na mwili wa binadamu, na hata maabara ya saikolojia ikawekwa humo. Nikamtajia pia Georges Lemaître, padri wa chuo hicho hicho, aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka. Mwaka 1951 Papa Pius wa 12 alitoa hotuba kana kwamba fizikia imethibitisha uumbaji, na Lemaître hakufurahi. Padri mzima! Alitaka hesabu zake zipimwe kama hesabu, zisibebeshwe mzigo wa imani. Jirani alinyamaza kidogo, kisha akasema basi ni kazi ya watu makini. Wajomba nitawaeleza hivyo hivyo.

Lakini sababu yangu ya kukuambia uende haiko Louvain. Iko hapa, kwenye uwanja wetu.

Unakumbuka Mei 2021. Ulikuwa unajiandaa kwa mtihani wa taifa. Jumamosi tarehe 22 jioni mbingu ikawa nyekundu juu ya Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, na lava ikashuka hadi Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege, ikasimama. Siku zilizofuata nyumba ilitetemeka mpaka vikombe vikahama vyenyewe mezani. Alhamisi tarehe 27, giza bado halijatoka, likaja tangazo: mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikuwa imejipenyeza chini ya mji na kuelekea chini ya ziwa. Nasi tunajua ziwa Kivu limebeba nini kule chini: kama kilometa za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani. Kule Kameruni, ziwa Nyos, dogo mno mbele ya letu, lilitapika kaboni dioksidi mwaka 1986 na watu wapatao 1,700 wakafa.

Tulimketisha Bibi yako kwenye tshukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, katikati ya magodoro mawili, mimi mbele nikishika usukani, wewe nyuma ukisukuma, mpaka Sake. Mguu wako wa kushoto ulitoka damu na hukusema. Tuliporudi mwezi wa sita, mlima haukuwa umelipuka tena, ziwa lilikuwa limetulia vile vile. Kuku wote walikuwa wameibwa na mlango wa jikoni umeng'olewa. Mtaa mzima ulisema: "Wale wenye mashine za kupima volkano wametudanganya." Wewe ulikuwa umesimama na ndoo ya maji mkononi, ukaniuliza, "Baba, walikosea?"

Nimefundisha fizikia ya sekondari miaka 31, mama. Sikuwa na jibu. Nilikuambia uingize maji ndani.

Miaka imepita, na mwezi uliopita ukanisomea kwa simu makala ya yule Mmarekani, Richard Rudner, ya mwaka 1953. Nilikaa chini. Anasema hakuna dhana ya kisayansi inayothibitika moja kwa moja hadi mwisho, kwa hiyo anayeikubali lazima aamue ushahidi kiasi gani unatosha, na kiasi hicho kinategemea ubaya wa kukosea. Ukikagua shehena ya bizimu za mikanda unaweza kuridhika na ushahidi kidogo. Bizimu ikiwa mbovu suruali italegea tu. Ukikagua kama dawa ina sumu, unadai ushahidi mzito. Hapo hapo nikakuona na ile ndoo. Swali lako lilikuwa na tundu, na mimi sikuliona. Tulikuwa tunauliza kama walikosea kuhusu mlima, kumbe walikuwa na mambo mawili ya kupima: mlima utafanya nini, na kosa lipi ni baya zaidi. Kukaa kimya halafu ziwa lilipuke, au kupiga mbiu halafu kusitokee kitu? Kuku wetu walikuwa bei ya kosa la pili. Na si kuku tu. Kuna wazee waliougua njiani, kuna watoto waliopotezana na mama zao, na kuna jambo ambalo halionekani: safari ijayo wangapi watakubali kuhama?

Ulinisomea pia jibu la Richard Jeffrey la mwaka 1956, kwamba kazi ya mwanasayansi ni kutaja uwezekano ni kiasi gani, na uamuzi aachiwe mwingine. Ni hoja safi, na kwa miaka mingi ningeipenda. Lakini nimeshasimama barabarani saa kumi na moja alfajiri na mama mzee na magodoro. Ungeniambia uwezekano ni asilimia fulani, ningefanya nini nayo? Zaidi ya hapo, hata kuipata hiyo asilimia kuna mtu alikwisha kuamua vituo vingapi vya kupimia vinatosha na data gani aitupe. Nadhani Jeffrey anausogeza uamuzi nyuma hatua moja tu. Unaweza kunipinga, nitafurahi ukinipinga ukiwa umesoma kunizidi.

Sasa sharti langu.

Unakumbuka lile bonde nyuma ya kiwanja, penye mazuku, ile hewa ya kuua inayotoka ardhini na kutuama mabondeni. Bibi yako alikuwa anakataza mtoto kushuka pale asubuhi kabla jua halijakolea, na mbuzi wa jirani aliyeshuka hakupanda tena. Ulikuwa na miaka kumi tulipofunga mshumaa kwenye fimbo na kuushusha polepole. Moto uliinama, ukawa mdogo kama punje ya mchele, ukazimika, na moshi wake haukupanda. Ulilala juu ya ile hewa kama juu ya maji. Uliweka alama kwenye fimbo. Mchana tuliporudia, upepo ukivuma, mshumaa ulifika chini ukiwaka. Kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu. Asubuhi tulivu hujaza bonde. Amri ya Bibi ilikuwa sahihi hata saa aliyoitaja. Uliandika vimo vyote kwenye daftari kwa muda wa wiki sita.

Ninachokuomba ni kwamba usiende kuzungumza juu ya vipimo kama mtu ambaye hajawahi kushika fimbo. Waombe wakuache uendelee na mawe hata kidogo: likizo moja kwa mwaka na watu wa volkano, kitabu kimoja cha jiolojia kwa kila viwili vya falsafa. Na ukirudi Goma, uje na jibu la kuwapa watu wa mtaa, kwa Kiswahili, wakalielewa wakiwa wamesimama na ndoo zao.

Kuhusu viza, cheti chako cha kuzaliwa nimekipata, kina muhuri. Bibi yako anasema mwili wako hauzoei baridi, anakutafutia sweta sokoni Virunga. Daftari la mshumaa bado ninalo kabatini. Kurasa za nyuma ziko tupu. Pita ulichukue kabla hujapanda ndege.

Baba yako