Kwa dada wa Mafinga: mume hapati usingizi tangu mwenzake aangukiwe na mti

Dada yangu, umesema mumeo mpasua mbao ana miezi minne hajalala usingizi wa maana, tangu mwenzake aangukiwe na mti akiona kwa macho yake, na ukimtajia hospitali anakujibu, "Kwani mimi kichaa?" Jibu hilo nimelisikia humu ndani kwangu. Wangu alikuwa dereva wa semi. Breki zilimkatalia kwenye mteremko. Yeye akatoka na mkono uliovunjika, utingo wake hakutoka.

Mkono uliunga. Usingizi ndio uligoma. Tunakaa Uyole, karibu na barabara kuu, na lori likipita usiku na ile breki ya kunguruma, baba watoto keshasimama katikati ya chumba, jasho linamtiririka, na hapo ni mwezi wa saba, baridi ya Uyole mnaijua. Siku moja nilimtikisa ili nimtoe kwenye ndoto, akanikaba koo. Alipozinduka alilia kuliko mimi. Kuanzia hapo nikawa nasimama mlangoni, nawasha taa, namwita kwa jina lake la utotoni mpaka anitambue. Usimtikise.

Mama mkwe alisema marehemu anamwita. Hapo tuliacha mwezi mzima na mbuzi wawili, na sitasema zaidi maana ni mama yangu. Baadaye tukaenda zahanati moja, tukasema neno moja tu: halali. Tukapewa diazepamu, vidonge vya kutuliza na kuleta usingizi. Wiki ya kwanza alilala kama gogo. Ya tatu akawa anajiongezea mwenyewe, na jioni anashushia pombe kali. Daktari aliyetusaidia baadaye alisikitika sana. Alisema ule ni usingizi wa mkopo: mwili unauzoea na kudai zaidi, hofu yenyewe haitibiwi, ukichanganya na pombe pumzi inaweza kukatika, na ukiziacha ghafla baada ya kuzizoea unaweza kupata degedege. Ilibidi apunguziwe kidogo kidogo. Lakini lawama nagawana na yule wa zahanati, kwa sababu ajali hatukuitaja kabisa.

Ndiyo maana nakwambia, ukifika kwa daktari peleka habari yote. Mimi nilichukua daftari la mtoto, nikaandika kwa wiki mbili: kapanda kitandani saa ngapi, kaamka mara ngapi, kapiga kelele au hapana, kanywa nini, siku hiyo njia gani kaikwepa. Yeye neno "akili" alikuwa halitaki, basi nikamwambia twende tukapime presha na hicho kichwa kinachokuuma. Sikudanganya, kichwa kilikuwa kinamuuma kweli. Tulipokuwa ndani nikaomba ruhusa, nikamkabidhi daktari daftari. Alisoma, akaweka kalamu chini, akamuuliza, "Ndoto ni ile ile kila siku?" Mume wangu akaanza kueleza mambo ambayo hata mimi sikuwahi kuyasikia.

Tukapewa rufaa kwenda kliniki ya afya ya akili, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Njia nzima kwenye bajaji ananung'unika kwamba nampeleka Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Pale kwenye benchi akamkuta dereva mwenzake kashika kadi yake, wakaishia kuongelea bei ya matairi.

Alianzishiwa setralini, dawa ya sonona na hofu. Tuliambiwa mapema kwamba itachukua wiki kadhaa kabla hatujaona kitu, na ni kweli. Siku za mwanzo ilimvuruga tumbo, nikakaribia kumwambia aache. Mshauri naye akawa anamsimulisha ajali kipande kwa kipande, na kumrudisha kwenye yale anayoyakimbia: kwanza kusimama tu kwenye maegesho ya malori, halafu kukaa ndani ya lori lililozimwa. Mimi si daktari, ila kwa macho yangu hilo lilimsaidia kuliko vidonge. Na kulikuwa na masharti ya usingizi niliyoyaona kama adhabu. Aamke saa ile ile hata kama usingizi umemchukua saa kumi alfajiri. Mchana asilale. Akikosa usingizi atoke kitandani, akae jikoni kwenye kigoda mpaka macho yawe mazito. Kitanda tulikihamishia chumba cha nyuma, mbali na barabara.

Sasa hivi kwa usiku mmoja anapata usingizi wa masaa matano, siku nyingine sita. Bado anashtuka. Semi hajairudia, anaendesha Noah ya mtu hapa hapa mjini.

Jambo moja usilisubirishe. Sumu ya viazi tulikuwa tunaiweka uvunguni. Niliipeleka kwa jirani siku aliyosema bora angekufa yeye. Mumeo akitamka maneno ya aina hiyo, usingoje siku ya kliniki, mpeleke mapokezi ya dharura usiku huo huo, na asiachwe peke yake.

Kama hali si hiyo, anzia hospitali ya hapo Mafinga, lakini uliza kwanza siku gani wanaona wagonjwa wa akili, maana sehemu nyingine ni siku maalumu na utateketeza nauli bure. Fedha ikipungua, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii humo humo hospitalini kabla hujakata tamaa. Na uingie naye chumbani kwa daktari. Wangu akiachwa peke yake alikuwa anasema, "Naendelea vizuri."