Kabla ya kumaliza uhandisi umeme, shika bisibisi

Mdogo wangu, umesema uko mwaka wa tatu, GPA nzuri, ila hujawahi kufunga hata mota moja na unaogopa soko la ajira. Hofu yako ina msingi.

Mafunzo kwa vitendo yajayo usikimbilie ofisi yenye kiyoyozi. Nenda kiwandani, au kwa fundi anayesuka mota. Funga mwenyewe stata ya nyota-delta, yaani kifaa cha kuwashia mota kubwa bila kuvuta mkondo mwingi: kontakta tatu (swichi za sumaku), taima, ovalodi (kinga ya mota isizidiwe). Mota ikiwaka kwa nyota, mkondo wa laini unashuka hadi theluthi moja ya ule wa kuiwasha moja kwa moja kwa delta, kisha taima inaihamishia delta. Badilishana nyaya za fezi mbili uone mota inavyozunguka kinyume. Darasani uliyachora, hapo yatakuingia.

Nunua multimita yako. Mimi niliwahi kusahau waya mwekundu kwenye tundu la ampea (la kupimia mkondo) nikapima volti 230, ikapiga shoti. Mlio ule nausikia hadi leo.

Halafu, hapa Tanzania usajili wa ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) na leseni ya kufunga umeme ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) ni vitu viwili tofauti. Wengi wanakumbuka cha kwanza tu. Ulizia vyote mapema, wakati bado unasoma. AutoCAD (programu ya kuchora) na Excel? Jifunze jioni, zinatosha.