Pikapu imekutwa porini, kaka hayupo: msiiguse kwanza

Pole sana, dada. Umesema pikapu ya kaka yako imekutwa imegonga mti nje ya Sikonge, haina mtu, na vijana wa nyumbani wanataka kuivuta hadi Tabora mjini. Wazuie. Ikishafungwa kamba tu, ushahidi mwingi umekwenda, nyayo ndizo za kwanza.

Pigeni picha kwa mbali, kisha mkachukue polisi RB (namba ya taarifa iliyoandikishwa kituoni) ya mtu aliyepotea, si ya ajali peke yake. Mpelelezi akifika, mwombe aangalie kiti cha dereva. Kikiwa kimesogezwa mbele kabisa na kaka yako ni mrefu, huenda usukani ulishikwa na mwingine. Mkanda uliokuwa umefungwa wakati wa kugonga mara nyingi hubaki na mikwaruzo. Kioo kikiwa na ufa kama utando wa buibui, yawezekana kichwa kiligonga hapo, nywele hunasa. Funguo je, zipo?

Aliyeumia kichwa anaweza kutembea mbali akiwa hajitambui. Ulizeni hospitali ya Kitete, pale Tabora mjini, halafu warina asali. Hao wanalijua pori la miombo kuliko askari yeyote (mniwie radhi, maafande). Mimi ningewafuata leo hii, kabla jua halijazama.